Ua la vishada nane kwa ajili ya albamu ya picha

Wale mnaopamba albamu zenu wenyewe, kabla hamjaenda kumaliza hela kwenye stika, jaribuni kukunja vikaratasi vya chai jamani. Huu mtindo umetoka Uholanzi miaka ya 1990, walianza na zile bahasha ndogo za majani ya chai zenye michoro, ndo mana hadi leo unaitwa wa chai hata ukitumia karatasi ya zawadi.

Mimi napenda mkunjo wa kishada, yani umbo la tiara ile ya kurusha. Kata miraba 8 ya sentimita 4, kunja kona kwa kona upate mstari wa katikati alafu fungua, sasa pande mbili zinazokutana kwenye kona moja zilaze mpaka ziguse ule mstari, basi. Ncha yake nyembamba ni digrii 45 so ukizikutanisha ncha katikati nane zinajaza duara, unapata ua la kama sentimita 11 na kwenye ukurasa wa sentimita 30 picha bado inakaa vizuri.

Utamu wenyewe uko kwenye kukata. Kama karatasi ina waridi, hilo waridi liwe kona ileile kwenye miraba yote, yani ukishapanga katikati panatokea mchoro ambao hata hukuutegemea!

Manila hapana, inapasuka kwenye mkunjo na albamu inagoma kufunga. Kaza mikunjo kwa mgongo wa kijiko, na gundi iwe ya stiki, ile ya maji inakunjamanisha karatasi.