Baba Aliyengoja Chini ya Mwembe

Tumsifu Yesu Kristo.

Alhamisi iliyopita jumuiya yetu ya Wakatoliki ilisali nyumbani kwa mama mmoja mwenzetu. Sala imeshafungwa, vikombe vya chai vinazunguka, ndipo mwenyeji akauliza. Baba yake alikuwa Mwislamu wa swala tano. Binti alipotaka kubatizwa, mzee hakumfukuza. Siku yenyewe alimsindikiza hadi kanisani, akakaa nje chini ya mwembe, tasbihi mkononi, mpaka misa ikaisha, wakarudi nyumbani pamoja. Mzee alishafariki, na hakubatizwa. "Sasa baba yangu yuko wapi?"

Kijana wetu mmoja, mwepesi wa kufungua Biblia, akamsomea Matendo 4:12: hakuna wokovu katika mwingine awaye yote. Aya ni ya kweli. Lakini nilimwona mama akiinamia birika kana kwamba kuna kitu amedondosha humo. Mwingine akataka kumfariji: dini zote ni mamoja, usijali mama. Hilo nalo halikumtuliza. Kama zote ni mamoja, ubatizo uliomfanya baadhi ya shangazi zake waache kukanyaga kwake ulikuwa wa nini?

Mimi nilinyamaza, na sijivunii. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari, alifika Japani mwaka 1549. Katika barua ya mwaka 1552 anasimulia jinsi Wajapani waliobatizwa walivyolia kwa ajili ya wazazi na mababu zao waliokufa bila kuisikia Injili. Walimuuliza kama sala na sadaka zingewasaidia. Akawaambia hapana, halafu akakiri kwamba naye alikaribia kulia akiwaona. Ndivyo wengi walivyofundishwa enzi zile. Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1442, ulikuwa umetamka kwa maneno makali kwamba walio nje ya Kanisa hawataurithi uzima wa milele.

Kanisa liliendelea kulitafakari jambo hili. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 16, ulifundisha kwamba wasioijua Injili ya Kristo bila kosa lao wenyewe, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na, kwa msukumo wa neema, wanajitahidi kutenda mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Waislamu wametajwa humo waziwazi. Tuangalie, haisemi kwamba wanaokolewa na kitu kingine badala ya Kristo. Anayeokoa ni yuleyule. Wala haisemi kwamba wote wameshafika. "Wanaweza" ni neno la matumaini, na mimi naliacha hapohapo.

Lakini nilipogeuza ukurasa nikarudi namba 14, ilinichoma: aliyemo ndani ya Kanisa kwa mwili, asidumu katika upendo, haokoki. Hapo nikaikumbuka Injili ya Luka 13. Mtu anamuuliza Yesu, je, wanaookolewa ni wachache? Yesu hamtajii idadi. Anasema, "Jitahidini kuingia katika mlango ulio mwembamba." Na wanaobaki nje wakibisha hodi si watu wa mbali. Ni wale wanaosema walikula na kunywa mbele yake, naye alifundisha katika njia zao. Watu wa jumuiya, tuseme. Wakati huohuo wengine wanafika toka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, wanaketi chakulani.

Kijana na mimi tumezungumza baada ya hapo. Aliniuliza, kama ni hivyo, kwa nini tuhubiri? Nikamwambia Kornelio wa Matendo 10 alikuwa mcha Mungu, sala na sadaka zake zilishafika mbinguni, na bado Mungu alimtuma Petro nyumbani kwake. Hakuridhika sana. Tutaendelea.

Kwa mama nimepeleka jambo moja tu. Katika Sala ya Ekaristi ya Nne padre anawaombea waliofariki katika amani ya Kristo, kisha anawaombea na marehemu wote ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Mama aliniomba nirudie. Halafu akachukua bahasha ya nia za misa ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, akaandika jina la mzee kwa herufi kubwa, juu kabisa, kabla ya majina ya ndugu waliobatizwa.