Besi Mpya kwa Pesa Chache: Kiwiliwili Kwanza

Kwenye dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi inayofanana na fidla na kupigwa ikiwa imesimama, kuna vitu vinavyobadilishwa kwa jioni moja, na kuna vitu ambavyo ukishavinunua utaishi navyo. Nyuzi, daraja, nguzo ya sauti, kishikio cha nyuzi, mguu wa chuma: fundi huvitoa na kuvirudisha, na gharama yake inavumilika. Ubora wa mbao, unene wa uso (ubao wa mbele), pembe ya shingo, urefu wa uzi unaotetema: hivyo ndivyo besi yenyewe, na kuvirekebisha kunaweza kula pesa sawa na ulizonunulia. Kwa mwenye bajeti finyu anayetaka kupanda ngazi moja, naona maswali karibu yote yanarudi hapa. Pesa iende kwenye kiwiliwili. Mapambo na vifaa vitafuata.

Kabla ya kutafuta nyingine, itazame uliyo nayo. Besi nyingi zinazolaumiwa kwamba ni bubu zimekosa tu mkono wa fundi. Nguzo ya sauti, kile kijiti cha mviringo kinachosimama ndani bila gundi kati ya uso na mgongo, ikiwa fupi, au ncha zake zikiwa hazikuchongwa kufuata mkunjo wa mbao, hugusa kwa ukingo tu, na sauti ya uzi wa G, wa juu kuliko zote, hutoka nyembamba na kali. Miguu ya daraja, kile kipande cha mbao kinachozibeba nyuzi, isiyolala sawasawa juu ya uso huleta kasoro hiyohiyo. Nyuzi za chuma nazo hudumu miaka mingi bila kukatika, na hapo ndipo hudanganya: bado zinashika sauti, lakini chini ya upinde zimeshakufa. Mpe fundi wa ala za nyuzi aiseti upya, yaani aiweke sawa nguzo, daraja na nyuzi, weka nyuzi mpya, piga mwezi mzima. Kama baada ya hapo bado unaukandamiza upinde ili uzi wa E, wa chini kuliko zote, uitike, au noti za juu zinamezwa mara tu wenzako wanapoanza kupiga, sasa unajua unachokosa na unaweza kukitafuta. Besi iliyosetiwa vizuri pia huuzika kwa bei nzuri zaidi, kwa hiyo gharama hiyo haikupotea.

Sokoni utakutana na aina tatu. Kuna za plaiwudi kote. Kuna za mchanganyiko, ambazo uso ni mbao nzima ya sprusi iliyochongwa, na mgongo na mbavu (kuta za pembeni) ni plaiwudi. Na kuna za kuchonga kabisa, sprusi mbele na mepo nyuma. Watu hudhani mpangilio huo ni ngazi ya ubora, wakaruka moja kwa moja kwenda kwenye besi ya kuchonga ya bei rahisi kuliko zote. Hapo nasita sana. Mbao isiyokaushwa vya kutosha huendelea kujikunja na kupasuka miaka ya mwanzo, na uso ulioachwa mnene ili usipasuke hautetemi. Plaiwudi nzuri huishinda besi hiyo kwa sauti na kwa amani ya moyo. Besi za plaiwudi za kampuni ya Kay, zilizoundwa Chicago kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, ziko jukwaani mpaka leo.

Anayepiga zaidi kwa vidole, tena kwa kipaza sauti, anaweza kubaki na plaiwudi bila kujinyima kitu. Anayetumia upinde kila siku atahisi tofauti ya uso wa sprusi iliyochongwa tangu noti ya kwanza: uzi huitika upesi, na sauti ya chini inakuwa na mwili. Kwake yeye besi ya mchanganyiko ndiyo hatua yenye akili zaidi kwa pesa za kati, kwa sababu uso ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kutoa sauti, na mgongo wa plaiwudi hauogopi mabadiliko ya hewa. Besi ya kuchonga kabisa hutaka unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 40 na 60. Kama huwezi kuyalinda mazingira hayo, hesabu nyufa kama sehemu ya bei.

Usitegemee maneno ya muuzaji kujua ni aina gani. Chungulia ukingo wa matundu ya sauti, yale mawili yenye umbo la f usoni: plaiwudi huonyesha matabaka, mbao nzima huonyesha mistari inayoshuka bila kukatika kutoka nje hadi ndani. Ukingo ukiwa umepakwa rangi nzito, linganisha ruwaza ya mgongo kwa nje na ile unayoiona ndani kwa tochi. Zisipofanana hata kidogo, ni plaiwudi. Na karatasi iliyobandikwa ndani yenye jina la fundi mashuhuri isikuongezee hata senti. Karatasi hubandikwa na yeyote.

Kuhusu ukubwa, wengi huchanganyikiwa bure. Besi ya kawaida ya mtu mzima ni ile inayoitwa 3/4, na hata katika okestra kubwa ndiyo inayotawala. Pima urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi kwenye daraja: sentimita 104 hadi 106 ni kawaida. Ukifika 108 au 110, mkono wa kushoto utalipa kodi kila siku. Angalia pia daraja limesimama wapi. Miguu yake inapaswa kulingana na vijino vya ndani vya matundu ya sauti. Likisogezwa mbali na hapo, mara nyingi mtu alikuwa anajaribu kuufupisha uzi, au kuficha kasoro ya shingo.

Shingo na ubao wa vidole ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Telezesha mkono wa kushoto juu ya uzi wa G mpaka kidole gumba kigote kwenye kisigino cha shingo. Kidole cha kwanza kitaangukia D au E bemoli. Zote mbili ni sahihi, ila ukizoea moja, nyingine itakupotosha kwa miezi. Ikiangukia katikati ya hizo mbili, iache hiyo besi. Kisha bonyeza uzi wa G kwa wakati mmoja kwenye ncha mbili za ubao na utazame nafasi iliyobaki katikati. Kwa nyuzi za chuma, milimita 1 hadi 2 inatosha. Ubao ulionyooka kabisa au uliovimba mahali utazomea, yaani nyuzi zitaugonga na kuvuma, na uliozama sana utachosha vidole. Kurandwa upya ni kazi ya kawaida kwa fundi, lakini kila randa hula unene. Tazama ubavuni: ubao uliokwisha kurandwa mara nyingi hubaki mwembamba kama rula na huanza kunesa, na hapo unahitaji mpya. Ubao mpya wa abunusi ni gharama kubwa.

Abunusi yenyewe huigizwa. Mbao laini hupakwa rangi nyeusi na baada ya mwaka nyuzi huichimbia mifereji. Kwa ruhusa ya mwenye besi, sugua sehemu iliyofichika chini ya ubao kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kitambaa kikitoka cheusi, umeshajua. Rozwudi ni mbao ya heshima, laini kidogo kuliko abunusi, na kwa bajeti ndogo siikatai.

Umbali wa nyuzi kutoka kwenye ubao, kwenye ncha yake iliyo karibu na daraja, uwe takriban milimita 5 hadi 7 kwa G na 8 hadi 11 kwa E. Wa vidole hupenda chini, wa upinde hupenda juu. Namba zenyewe hurekebishika. Kinachonitia wasiwasi ni daraja lenye magurudumu ya kupandishia yaliyofunguliwa karibu mwisho, au lililokatwa mpaka likabaki kibeti. Hayo yanamaanisha shingo imesogea, au uso umezama. Kurudisha pembe ya shingo kunahitaji kuing'oa na kuigundisha upya.

Sasa nyufa. Besi iliyotumika bila ufa hata mmoja ni adimu, na anayeogopa kila mstari atakosa besi nzuri kwa bei nafuu. Ufa wa uso unaofuata mkondo wa mbao, uliogundishwa na kuwekewa vipande vidogo vya kushikilia kwa ndani, hauna neno. Kiungo kilichofunguka kati ya mbavu na uso ni jambo dogo zaidi: gundi ya ngozi hutumiwa makusudi ili iachie kabla mbao haijapasuka, na fundi hukifunga tena kwa saa chache. Gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote. Palipofunguka hujibu kwa mlio mkavu wa kutatarika.

Nyufa za kuogopa ni chache na zina mahali pake. Ufa wa mgongoni pale nguzo ya sauti inapokanyaga hubeba shinikizo wakati wote na unahitaji kiraka kilichochongwa kwa ndani. Ufa unaofuata boriti ya besi, ile iliyogundishwa chini ya uso upande wa uzi wa E, ni hivyohivyo. Nyuzi nne zinavuta kwa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo sehemu dhaifu haiponi yenyewe. Tazama uso kutoka pembeni, macho yakiwa sawa na daraja: upande wa E ukiwa umezama kuliko wa G, boriti imechoka au imeachia. Shingo iliyovunjika kisiginoni ikatengenezwa kwa kigingi cha mbao inaweza kudumu, lakini bei lazima ishuke. Na ukiona gundi nyeupe ya seremala au epoksi imemwagika kwenye ufa, zidisha makadirio ya fundi, kwa sababu kazi ya kwanza itakuwa kuondoa matengenezo ya mtu mwingine. Migongo bapa ina fito za kuukaza kwa ndani ambazo hewa kavu huziachisha. Besi ikizomea bila sababu, anzia huko.

Simu inasaidia: ipitishe karibu na tundu la sauti, washa taa, rekodi video ya ndani. Lakini usiitumie kuhukumu sauti. Uzi wa E wazi ni takriban hezi 41, na maikrofoni ya simu huupoteza.

Sauti hujaribiwa kwa utaratibu. Beba upinde wako mwenyewe. Piga nyuzi wazi, kisha kila nusu toni kwenye kila uzi mpaka oktava, polepole, kwa sauti ndogo na kubwa. Utakutana na noti inayogugumia na kutetemeka, ambayo wapigaji huiita mbwa mwitu. Besi nyingi nzuri zinayo moja, na kizito kidogo kinachofungwa kwenye uzi chini ya daraja huituliza. Ikiwa noti tatu au nne zinagugumia, endelea na safari. Halafu mpe mtu mwingine apige, wewe simama mita 8 mbali na ugeuze mgongo. Baadhi ya besi hunguruma sikioni mwa mpigaji na hazifiki ukutani; nyingine huonekana za upole karibu na kumbe zinajaza chumba. Uliza kila besi ina nyuzi gani. Yenye nyuzi mpya za chuma za Spirocore dhidi ya yenye nyuzi zilizochoka si ushindani wa haki, na muuzaji anajua hivyo.

Katika bajeti, mimi ningetenga karibu robo tatu kwa besi yenyewe, asilimia 10 hadi 15 kwa kuseti na nyuzi, na kilichobaki kiwe akiba ya jambo litakalojitokeza mwaka wa kwanza. Anayemaliza pesa zote kwenye besi hubaki na chombo kizuri ambacho hakijawahi kusetiwa, yaani anarudi alipoanzia. Kama upinde wako ni wa fibaglasi ya bei ya chini kabisa, hesabu upinde pia: wa gramu 130 hadi 150, ulionyooka ukiutazama kutoka kwenye kitako, usio na ufa kichwani. Pinde kuukuu zenye pembe za ndovu zina masharti makali ya kuvuka mipaka chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo anayesafiri aziepuke.

Besi za bei njema mara nyingi hutoka kwa wanafunzi wa muziki waliohitimu, wapiga okestra wanaostaafu na shule zinazobadilisha vyombo. Dukani utalipa zaidi, ila omba mambo mawili kwa maandishi: majaribio ya wiki moja au mbili nyumbani, na masharti ya kuirudisha besi hiyo siku ukitaka bora zaidi. Maduka mengi ya ala za nyuzi huhesabu thamani yake yote katika ununuzi unaofuata, na hilo lina uzito kuliko punguzo dogo la leo. Ukinunua kwa mtu binafsi, mlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji aikague kabla hujatoa pesa. Ada yake ndiyo gharama ndogo kuliko zote utakazoingia.

Ikifika siku ya kuibeba, ilaze kwa ubavu, kamwe isilalie daraja. Usilegeze nyuzi zote kwa pamoja, kwa sababu nguzo ya sauti itaanguka. Iache ndani ya mfuko wake saa kadhaa ili izoee hewa ya chumba kabla ya kuifungua. Na kila ukikaza nyuzi wiki za mwanzo, tazama daraja kutoka pembeni: nyuzi hulivuta juu kuelekea kwenye ubao, nalo huinama kidogokidogo. Upande wake unaoelekea kishikio cha nyuzi unapaswa kusimama wima. Ukiliona limeinama, lishike juu kwa mikono miwili na ulirudishe taratibu, miguu ikibaki pale pale.