Hesabu mbili za wanachama zilizokataa kulingana

Ushirika wa wakulima wa kahawa ninaoutunzia hifadhidata hapa Bukavu una wanachama Kalehe na kisiwani Idjwi. Jedwali la wanachama lilikuwa na mistari 1,204, ilhali ripoti niliyorithi ilitoa 1,198. Mama mhasibu alishauri tuwasamehe hao sita, kwa kuwa pengo lilikuwa dogo, lakini udogo huo ndio ulionitia shaka.

Badala ya kuzikodolea macho jumla hizo, niliitaka PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, inipe majina: kwa amri ya EXCEPT, nilichukua namba zote za uanachama, nikaondoa zile zilizotokea katika ripoti. Nilitarajia watu sita. Walikuja 173, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikiwa simu. Ripoti ilikuwa imeunganisha wanachama na jedwali la simu kwa JOIN ya kawaida, ambayo humwacha nje kila asiye na mwenzake upande wa pili. Papo hapo, mkulima mmoja wa Idjwi alionekana mara mbili, mstari mmoja ukiwa na laini yake ya Airtel na mwingine ya Vodacom, jambo lisilo la ajabu huku kwetu, ambako mtandao mmoja ukipotea mtu hugeukia wa pili. COUNT, amri ya kuhesabu, ilikuwa ikihesabu laini, si watu. Nilipoiwekea DISTINCT, ili kila namba ya uanachama ihesabiwe mara moja tu, jumla ilishuka hadi 1,031: laini za ziada 167 zilikuwa zimefunika karibu pengo lote la watu 173.

Jedwali la simu halikuwa na kazi yoyote katika ripoti hiyo, nikaliondoa, na jumla ikawa 1,204. Hata hivyo, katika mgawanyo wa jinsia wa ripoti hiyo hiyo, wanaume 640 na wanawake 498 walifanya 1,138 tu. Nilipouliza wote ambao jinsia yao si 'M' (mwanaume), nilipata wale wale 498, kwa sababu katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kulinganisha kitu na NULL, yaani nafasi isiyojazwa, hakuleti kweli wala uongo, na WHERE, sehemu ya kuchuja, hupitisha kilicho kweli peke yake. IS NULL ndiyo iliyowatoa 66 waliobaki. Katika kadi zao za karatasi, kisanduku cha jinsia hakikuwa na alama yoyote.

Kukisia kwa majina nilikukataa, maana Bahati wa Kalehe anaweza kuwa baba au mama. Ripoti sasa ina mstari wa tatu, "haijajazwa", na makarani wamepewa orodha ya kuwauliza wenyewe siku ya kupima kahawa.