Siku moja maishani mwangu: siku 47 kabla Jaduong' hajastaafu

Saa kumi na nusu alfajiri

Naishi Kisumu, lakini kiwanda kiko ndani ya ukanda wa miwa wa Nyando, kwa hiyo siku yangu huanza gizani. Chai ya rangi, maandazi mawili, daftari mkobani, bodaboda hadi steji. Tukishapita mashamba ya mpunga ya Ahero, barabara inaanza kuwa ya matrekta. Watoto wanajua mahali trela hupunguza mwendo, na hapo ndipo wanapochomoa muwa wa njiani.

Mimi ni afisa wa mafunzo katika kiwanda cha sukari. Wengi wakisikia hivyo hufikiria ukumbi, projekta na soda. Sehemu kubwa ya siku yangu nawafuata watu wenye ujuzi, nasimama karibu nao, nawauliza mikono yao inafanya nini na kwa nini.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi

Napenda kufika kabla zamu haijabadilika. Dakika kumi za makabidhiano pale kwenye boila, mtambo wa mvuke unaochoma makapi ya miwa, zina elimu kuliko wiki nzima ya semina.

Leo nimefungua daftari la zamu. Zamu tisa mfululizo zimeandika neno moja: "Sawa." Wakati huohuo nasikia anayetoka akimwambia anayeingia, "Kilishio cha makapi kimekuwa kikikwama tangu saa nane usiku. Ukisikia sauti imekuwa nzito, punguza kasi mapema, usingoje kisimame." Maneno ya dhahabu hayo, na hakuna hata moja lililofika kwenye karatasi. Zamu ya mchana haitayasikia.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika. Akaangalia chini kidogo. "Madam, nikiandika, kesho nitaulizwa kwa nini sikulitengeneza."

Hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma. Tunanunua kompyuta za kuhifadhi maarifa huku mtu anaogopa kalamu. Mwezi uliopita niliomba uongozi jambo moja tu: asiadhibiwe mtu yeyote kwa alichoandika katika daftari la zamu. Walikubali. Ila wafanyakazi hawajaamini bado, na siwalaumu. Wataamini siku watakapoona mtu ameandika kosa lake na mshahara wake haukuguswa.

Saa moja

Vibarua wawili wapya. Kofia ngumu, viatu, njia za kutokea, mahali pa kukusanyika kengele ikilia. Nimewaonyesha rola za kinu kwa mbali na kuwaambia wazi kwamba kinu hakitofautishi muwa na mkono. Mmoja alikuwa na kamba ya mkufu inayoning'inia shingoni. Ameivua mwenyewe.

Saa mbili na nusu

Hapa ndipo moyo wangu ulipo siku hizi: ghorofa ya pani.

Pani ni chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa na kunyonywa hewa, ili sharubati iliyokolezwa ichemke kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi za Selisiasi. Ikichemshwa kwa joto la kawaida la kuchemkia, sukari inaharibika na rangi inaingia weusi. Mpishi anatia mbegu, yaani unga laini sana wa sukari uliosagwa ndani ya spiriti, kisha anazilea zile chembe zikue polepole kwa kuzilisha sharubati. Akiilisha haraka, zinayeyuka. Akiiacha ikolee kupita kiasi, vinazaliwa vichembe vipya vidogo ambavyo hakuna aliyeviita. Hivyo, ambavyo jina lake hapa ni vumbi, ndivyo vinavyoziba nyavu za mashine za kuzungusha zinazotenganisha sukari na molasi, au vinapenya na kupotelea kwenye hiyo molasi.

Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, ndiye mpishi wetu wa pani. Aliingia kiwandani kama kibarua mwaka 1987. Zimebaki siku 47 astaafu. Hana cheti cha upishi wa sukari, ila mameneja wenye shahada humwita wao, si yeye anayewaita.

Nilikaa naye hadi saa tano, pamoja na mwanagenzi wake, binti aliyetoka chuo cha ufundi mwaka jana. Jaduong' anachomoa fimbo ya sampuli, anapaka uji kidogo kwenye kipande cha kioo, anauinua mbele ya taa. Halafu anachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, anafinya, anaachanisha, anaangalia uzi unavyonyooka na mahali unapokatikia. Yote haya katika muda wa kuvuta pumzi mbili. Mkono wa pili umeshafika kwenye valvu.

"Jaduong', umejuaje?"

"Imekubali."

"Imekubali vipi?"

"Madam, hiyo si ya kuandika. Hiyo ni ya mkono."

Zamani ningeishia hapo, nikaandika "uzoefu" na kwenda zangu. Siku hizi sikubali neno hilo. Nimejifunza kuuliza kwa upande: ungeona nini ndipo ufungue maji ya moto? Mara ya mwisho ulipobadilisha nia ukiwa katikati, ulikuwa umeona nini? Nyathina (mwanangu) huyu akikosea leo, atakosea wapi kwanza?

Hilo la mwisho ndilo lililomfungua. Akapaka kioo upya, akampa binti akishike mwenyewe. "Kioo kikikaa kama Mto Nyando mvua ikinyesha, hilo ni vumbi, nyathina. Fungua maji ya moto kidogo uliyeyushe, na ukiongeza pupa utayeyusha hata mazao yako. Kikikaa kama mchanga chini ya maji safi, endelea kulisha." Binti akainua kioo, akafinya macho, akasema, "Huku kando kuna ukungu." Mzee hakujibu. Alimwachia valvu.

Nimeandika kila neno. Mto Nyando wakati wa mvua: nani katika nchi hii ya mafuriko asiyeijua rangi hiyo? Mwongozo wa mtambo una kurasa nzuri kuhusu jambo hilohilo, kwa Kiingereza, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake unakaa na mtu mmoja.

Hofu yangu ina historia. Kiwanda nilichoanzia kazi kiliwahi kumuaga mpishi wake wa pani kwa blanketi na hotuba tatu. Siku chache baadaye pani zikaanza kujaa vumbi, mashine za kuzungusha zikaziba, miwa ikakaa uwanjani ikipoteza utamu kwa sababu muwa uliokatwa hausubiri mtu. Wakamtafuta mzee kwa simu. Alikuwa kwao, shambani, hana mtandao. Nilikuwa mgeni kazini, na nilimwona mkulima mmoja amesimama kando ya trela lake kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Saa sita na nusu

Ugali, omena, sukuma. Nimekaa meza ya mafundi makusudi. Hadithi za hitilafu husimuliwa mdomo ukiwa na chakula.

Saa saba

Ofisini. Kila mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kama tozo ya mafunzo ya viwandani, na mamlaka husika, NITA, yenye kituo chake hapa Kisumu, hurudisha gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kiwanda cha watu 600 kinatoa shilingi 360,000 kwa mwaka. Kampuni nyingi huihesabu kama kodi nyingine na kuisahau. Nimejaza fomu za mafundi wawili wa umeme, na nimeandikisha watatu kufanya jaribio la ufundi la daraja la pili.

Meneja amepita akiuliza kama mambo ya Jaduong' nitayaweka kwenye slaidi. Nimemwambia nataka binti apike pani tatu peke yake, mzee akiwa amekaa kitini nyuma yake. Amenyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila zamu ya mchana.

Saa nane

Zamu ya mchana imeingia, nami nimemfuata kijana mpya wa boila. Leo tumejifunza kazi moja tu: kupuliza kioo cha maji, yaani kusafisha njia za kile kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila.

Natumia njia ya zamani iliyobuniwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, viwanda vilipojaa watu ambao hawakuwahi kushika spana. Japani ikaichukua baada ya vita, na Toyota wakaikumbatia. Unamwandaa mtu, unamwonyesha, unamwacha afanye huku akikueleza, kisha unamfuatilia. Karatasi yake ina safu tatu: hatua, jambo la kuzingatia, sababu. Ile ya tatu ndiyo huachwa tupu kila ninapokagua, nami ndiyo ninayoililia.

Kijana amefungua bomba la kumwagia, akafunga njia ya maji ili mvuke upulize njia ya juu, akaifungua, akafunga ya mvuke ili maji yapulize njia ya chini, akarudisha zote na kufunga la kumwagia. Maji yakaruka juu kiooni.

"Kwa nini tunaangalia yanavyorudi?"

Kimya. Fundi mzee alitaka kumjibia, nikamshika mkono.

"Kwa sababu... yakirudi polepole, njia imeziba?"

"Na njia ikiziba?"

"Kioo kitaonyesha maji ambayo labda hayamo kwenye boila."

Amerudia mara tatu, ya mwisho akinieleza mimi kana kwamba ndiye mwalimu.

Saa kumi

Nimeandika karatasi ya pani kwa Kiswahili. Nimeacha neno "vumbi" kama lilivyo, na Mto Nyando nimeuweka kwenye safu ya jambo la kuzingatia. Mhandisi mmoja ameona si lugha ya kitaalamu. Nimemsomea Jaduong' kwa sauti. Ameitikia kwa kichwa, kisha akasema nimesahau kuandika kwamba kioo kipanguswe kikauke kwanza, kwa sababu chenye unyevu huyeyusha chembe na kukudanganya. Miaka mitatu namtazama akipangusa kile kioo kwenye pindo la koti lake. Nilidhani ni usafi tu.

Saa nne usiku

Nimeshaoga, nimeshaweka simu chaji, ikaita mlio wa WhatsApp. Picha ya daftari la zamu kutoka kwa yule kijana wa boila, imepigwa upande:

"Saa tatu usiku kioo cha kulia maji yalirudi polepole. Nikapuliza tena mara mbili, yakarudi haraka. Nimemwambia msimamizi. Nashuku uchafu njia ya chini. Zamu ya usiku pulizeni tena saa sita."

Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Nimeona. Nitapuliza."