Kunyoosha mtambo wa bunduki: sifa ni ya nani?

Fundi aliyeifungua bunduki yangu ya bolti alipaka wino wa bluu nyuma ya meno mawili ya bolti, kile chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu, akaiingiza mahali pake, akaifunga na kuifungua mara kadhaa, kisha akaitoa na kunionyesha bila kusema neno. Jino moja lilikuwa limefutika wino na kubaki linang'aa, ilhali la pili lilikuwa bluu tupu kama lilivyopakwa. Miaka yote niliyoitumia bunduki ile, jino moja tu ndilo lililokuwa likibeba msukumo wote wa baruti.

Wenzangu wa kulenga shabaha huniuliza kama kunyoosha mtambo, yaani kuchonga upya chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu ili vyote vikae kwenye mstari mmoja, kunaongeza usahihi kweli. Huwajibu kwamba kunaongeza, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyoamini, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa inayopewa kazi hiyo ni haki ya mtutu.

Kazi yenyewe ni ya ustadi mkubwa. Fundi huufunga mtambo kwenye mashine ya kukereza, akautafuta mhimili wake wa kati, kisha akasawazisha uso wa mbele unaogusana na bega la mtutu, akachonga upya hesi zake, na kusawazisha uso wa bolti pamoja na sehemu ambazo meno yake huegemea, ili vyote vifuate mhimili mmoja. Jino moja likibeba mzigo peke yake, bolti husukumwa upande na mtambo hupinda kidogo sana wakati risasi ingali imo mtutuni. Hata hivyo, upindaji huo ukiwa uleule kila mara, risasi zitaendelea kutua pamoja. Kinachotawanya matundu ni kubadilika kwa upindaji kutoka risasi moja hadi nyingine.

Ugumu wa kupima faida yake ni kwamba kazi hii haifanyiki bila kuung'oa mtutu, na mtambo uliochongwa hesi upya kwa kawaida huhitaji mtutu mpya, kwa kuwa hesi za ule wa zamani hulegea katika tundu lililopanuliwa. Bunduki yangu ilirudi ikiwa na mtambo ulionyooshwa, mtutu mpya wenye chemba (sehemu ya nyuma inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) iliyochongwa kwa uangalifu, na kitako kilichojazwa epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu, chini ya mtambo. Makundi yangu ya risasi 5 kwa mita 100, yakipimwa kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, yalishuka kutoka milimita 45 hadi karibu 20, nami nikamwambia kila mtu kwamba mtambo ndio uliofanya hivyo. Nilikosea, maana nilikuwa nimebadilisha mambo matatu kwa pamoja. Baadaye mwenzangu mwenye bunduki ya aina hiyohiyo alibadilisha mtutu peke yake, mtambo ukabaki ulivyotoka kiwandani, na makundi yake yakawa ya milimita 24.

Milimita nne hizo huenda ni kazi ya mtambo, na huenda ni bahati. Bunduki ileile, isiyoguswa na mtu, ikipiga makundi ya risasi 3, makundi hayo kwa wastani huwa madogo kwa zaidi ya theluthi moja kuliko makundi yake ya risasi 10. Kwa hiyo anayeonyesha kundi moja la risasi 3 kuwa ushahidi wa kazi ya fundi hajathibitisha lolote.

Katika mashindano ya kupiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, ambako hesabu ni ya sehemu za milimita, kazi hii ina nafasi yake. Kwa mitambo ya zamani ya mtindo wa Mauser wa 1898 lazima uangalifu uzidi, kwani mingi ina ngozi nyembamba tu ya chuma kigumu juu ya chuma laini. Ukiisugua ngozi hiyo ikaisha, meno ya bolti huanza kudidimiza sehemu yanapoegemea, nafasi kati ya bolti na sehemu ya nyuma ya ganda la risasi huongezeka, na ganda linaweza kukatika ndani ya chemba.

Siku mtutu wangu utakapochakaa na kung'olewa, nitamwomba fundi aanze tena na ule wino wa bluu. Meno yote mawili yakifutika, mtambo utaachwa kama ulivyo na fedha zote zitakwenda kwenye mtutu.