Diwani wetu, behewa la mahindi na maboma yasiyo na paa

Anayesikiliza kipindi cha maswali na majibu bungeni hana haja ya kumsubiri Naibu Waziri amalize. Akishaanza tu, "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa...", mtu unaweza kumalizia mwenyewe huku unamimina chai: "...na itatekeleza mradi huo kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha." Nimelisikia jibu hilo kwa zahanati, kwa mabwawa, kwa minara ya simu. Kwa reli ndiyo usiseme. Na wala si uongo, fedha kweli hazitoshi. Ila mimi lawama nampa muulizaji. Ukimuuliza Waziri "ni lini", umemfungulia mlango mwenyewe, naye atapita.

Diwani wetu ameligundua hilo, na amelishika kwa namna iliyonifurahisha mpaka nikaona niandike.

Sisi ni watu wa tawi la Kaliua–Mpanda, kilomita 210 za reli ya zamani inayochepuka kutoka reli ya kati kuelekea kusini. Lilijengwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, mkoloni akifuata madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na vijiji vikaendelea kukua penye stesheni. Lami ya Tabora–Mpanda ilipokuja ilipita Sikonge na Inyonga, ikatuacha sisi wa upande wa Ugalla na barabara yetu ya vumbi kiangazi, tope masika. Huwa kuna ndugu wa mjini wanaotucheka kwamba tunang'ang'ania treni enzi hizi za mabasi. Karibuni Machi, mje na basi lenu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkusanya mapato wa halmashauri. Wengi waliniita Bwana Ushuru. Walikuwepo walioniita majina mengine, na kwa kazi ile sikuwalaumu. Diwani anayajua hayo yote, maana kabla ya siasa alikuwa mfanyabiashara wa asali, akipakia madebe yake kwenye treni kwenda Tabora. Mbele za watu namwita Mheshimiwa. Nyumbani ananiamkia "shikamoo baba" nami namwita mwanangu, kwa kuwa marehemu baba yake nilisoma naye.

Jioni moja alikuja na kauntabuku lake, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza: "Baba, zile enzi mahindi yanapanda behewa pale stesheni, ushuru mlikuwa mnaukusanyaje?"

Nikamweleza. Behewa la mizigo haliondoki kwa kificho. Linaachwa kwenye njia ya pembeni, watu wana siku kadhaa za kulijaza. Magunia yanapangwa kwenye jukwaa la stesheni mchana kweupe, yanapanda mizani, karani wa reli anaandika hati ya mizigo: jina la mtumaji, idadi ya magunia, uzito, yanakokwenda. Mimi nasimama pale na kitabu changu cha stakabadhi. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ikifika inaonekana, hata ukiishona kwa ustadi namna gani, maana mizani haina shemeji. Mnunuzi alipe, nimkatie stakabadhi, wapagazi waendelee. Mtu mmoja, kitabu kimoja, na jioni hesabu yangu na ya karani zikigongana, tunajua mmoja wetu kakosea na tunatafuta.

Sasa linganisha na leo. Fuso linapakia shambani saa mbili usiku, linashika njia za panya, na huku kwenye geti la ushuru kuna kijana na mashine ya POS ya kutolea stakabadhi, inayotafuta mtandao. Akiliona, limeshapita. Tena tangu 2017 sheria ilipobadilishwa, ushuru wa mazao ulishuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiofika tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Mkulima alipata nafuu na mimi niliunga mkono, ingawa ofisini wenzangu walininunia. Ila wajanja nao wakapata mwanya: mzigo wa Fuso zima unagawanywa kwenye maguta, kila guta na magunia yake machache, yakivuka mpaka wa halmashauri yanakutana upande wa pili na kupakiwa upya. Kila guta, kisheria, halina kosa.

Akaniangalia kwa muda. "Kwa hiyo baba, treni ndiyo ilikuwa geti letu."

Miaka yote niliyofanya kazi ile sikuwahi kuliona hivyo. Mambo ya reli nilijua ni ya Wizara ya Uchukuzi, mapato yetu ni ya TAMISEMI inayosimamia halmashauri, na bungeni ndivyo yanavyoulizwa, kila kimoja kwa siku yake na Waziri wake. Yeye aliyaona ni jambo moja, pengine kwa sababu alikuwa upande wa pili wa kitabu changu.

Hapa inabidi nieleze kidogo hali ya mfuko wa halmashauri, kwa wale wanaodhani madiwani wamekalia hela. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Ilikuwa kodi ya manyanyaso, watu walikuwa wanakimbilia porini wakiona mgambo, acha ife. Lakini pengo lake halikuzibika vizuri. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 unaikatwa ukinunua umeme wa LUKU bila hata kumwona mtu. Kila chanzo kinachokusanyika kirahisi kina tabia ya kupanda juu. Vinavyobaki chini ni vile vya kukimbizana navyo: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ushuru wa huduma, leseni. Halmashauri ya mjini yenye viwanda na hoteli itajikokota. Sisi wa mahindi, mpunga na tumbaku, mvua ikikataa tumekwisha.

Na hicho kidogo kikishaingia, kina wenyewe. Asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ya nne, nne, mbili. Kuna asilimia 40 ya miradi ya maendeleo. Kinachobaki kiendeshe ofisi, magari, vikao, na posho za wenyeviti wa vijiji wanaodai mpaka wamechoka kudai. Ruzuku ya Serikali Kuu nayo inakuja na maelekezo yake, na ukomo wa bajeti ukishatangazwa, baraza likae usiku kucha haliongezi hata shilingi.

Ndipo unapofika kwenye maboma. Katika kata yetu kuna boma la zahanati, madarasa mawili na nyumba ya mwalimu. Wananchi walichanga, wakasomba mchanga na mawe, wakafyatua tofali, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta kwa ahadi kwamba Serikali itapaua. Boma la zahanati nimelitembelea juzi. Chumba ambacho kwenye ramani ni cha kujifungulia kimeota mbarika mrefu kunipita, na mbuzi wa jirani ndiko wanakokimbilia jua. Nondo zilizochomoza juu ya lenta zimeanza kumeguka kwa kutu. Fundi aliyejenga alinionyesha kozi za juu kwa kidole. Tofali la juu kabisa linakatika kwa ukucha, masika yamelila. Akasema ikipita mvua nyingine, kabla ya kupaua itabidi wabomoe kozi kadhaa na kuanza upya. Mwaka ule tulipopandisha kuta hesabu ilikuwa ya mabati na mbao tu. Sasa ni mabati, mbao na tofali. Kuchelewa nako kuna bei, ila haiandikwi kwenye kitabu chochote cha bajeti.

Basi Mheshimiwa akaenda na hoja yake kwenye kikao cha baraza. Niliingia kama mwananchi, nikakaa kiti cha nyuma.

Haikwenda vizuri mwanzoni. Madiwani kadhaa walitaka baraza limtume Mbunge akaulizie SGR, ile reli mpya ya kisasa. Nawaelewa. Tangu Rais Samia azindue safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Agosti 2024, kila mtu amekwenda harusini Dar ilimradi apande. Makutupora–Tabora ni kilomita 368, Tabora–Kigoma 506, na kwenye mipango imo SGR ya Kaliua–Mpanda hadi Karema, kwenye bandari ya Ziwa Tanganyika, ili mzigo wa Kongo upite kwetu. Ni mpango mzuri na mimi nauombea. Lakini treni iliyojengwa kwenda kilomita 160 kwa saa haiwezi kusimama kila penye mwembe, na vituo vyake viko mbalimbali. Ikifika siku hiyo, sisi tutaipungia mkono. Mzigo wetu utaendelea kutegemea reli hii hii nyembamba, kama itakuwa bado ipo.

Na reli nyembamba si maiti. Kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, imekarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, reli nyepesi zikang'olewa na kuwekwa za ratili 80 kwa yadi. Maana yake ni kwamba mzigo ukishafika Tabora una njia ya maana mbele yake. Kinachotushinda ni kipande cha kutoka kwetu kufika pale.

Mheshimiwa akasimama tena. Alisema, na nanukuu kutoka kwenye karatasi yangu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi siombi reli. Reli ipo, inapita nyuma ya nyumba yangu. Naomba behewa." Ukumbi ukacheka. Akasubiri wamalize, halafu akasoma maswali mawili aliyotaka Mbunge ayabebe, maana Mbunge naye ni mjumbe wa baraza na siku hiyo alikuwepo.

La kwanza: katika msimu wa mavuno, Juni hadi Septemba, ni mabehewa mangapi ya mizigo yatapangwa kuachwa kwenye stesheni za tawi hili, na kwa tarehe zipi? La pili: kwa halmashauri ambayo makusanyo yake ya ndani hayafikii gharama za kupaua maboma yaliyokwisha kufika lenta, Serikali itachangia kiasi gani kwa kila boma katika mwaka huu wa fedha?

Angalieni maneno. Hakuna "ni lini" wala "Serikali haioni haja". Kila swali linadai tarakimu. Naibu Waziri anaweza kujibu sifuri, na sifuri nayo ni jibu, tutajua pa kuanzia. Kiongozi wa miaka mingi pale akanong'ona kwamba maswali yenyewe ni madogo mno kwa Bunge. Mimi nimesikia wabunge wangapi wakisimama kusema "nina maswali mawili madogo ya nyongeza" kisha wakaomba kilomita mia nne za lami? Yetu angalau ni madogo kweli.

Hapo hapo nimseme kidogo, asije akadhani nimekuwa mpambe. Kuna hoja yake ya tatu ambayo sikubaliani nayo. Anataka halmashauri idai ushuru kwenye vibanda vya mama ntilie na wauza vitumbua vilivyo ndani ya hifadhi ya reli. Vibanda vile vimeshapigwa X nyekundu zaidi ya mara moja. Ukianza kuwatoza, unawapa stakabadhi ya kusimama mahali ambapo kesho tingatinga linaweza kuja, na siku hiyo watakuja na stakabadhi zetu mkononi kutuuliza tulikuwa tunatoza nini. Nimemwambia. Amesema ataifikiria, na namjua, hataifikiria.

Baraza limepitisha hayo mawili, yako kwenye muhtasari. Mbunge ameyachukua na amesema atayapeleka kwa maandishi kabla ya bajeti ya Uchukuzi kusomwa. Ila kuna kazi imebaki, na ndiyo hasa naileta kwenu.

Watu wa reli watauliza, kwa haki kabisa, kama mzigo upo. Behewa haliletwi kungoja magunia kumi na mbuzi watatu. Kwa hiyo Mheshimiwa anakusanya ushahidi wa tani: zilizokuwa zikipanda zamani na zinazotoka leo kwa Fuso. Mimi nimeshampa nakala za stakabadhi nilizokuwa nimezihifadhi kwenye sanduku la bati, zile ambazo mchwa hawajazifikia. Kama wewe au mzee wako mlisafirisha mahindi, mpunga, asali au tumbaku kutoka stesheni yoyote kati ya Kaliua na Mpanda, na una hati ya mizigo au risiti ya zamani, hata iliyofifia, ipige picha au ipeleke kwa mtendaji wa kata yako. Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika wa mazao, vitabu vyenu vya msimu uliopita tunavihitaji zaidi ya hivyo vya zamani, hasa ukurasa wa uzito. Na wenye Fuso, msikimbie: behewa litajazwa na magunia ya kutoka vijijini, na kutoka kijijini hadi stesheni lazima kuna mtu wa kuyabeba.