Kwa Nini Nimeacha Kumwambia Mbwa Wangu "Haya"

Kosa langu la kwanza katika uwanja wa maonyesho ya mbwa lilikuwa kosa la lugha. Nilikuwa nimesafiri na Jabali kutoka Arusha hadi Nairobi, kilomita zipatazo 270 kupitia Namanga, cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikiwa kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine za daktari wa mifugo, na kwa miezi minne kabla ya safari hiyo nilikuwa nimemzoeza kuanza kukimbia kila anaposikia neno "haya". Tulikuwa wa tatu katika mstari. Msaidizi wa jaji akatazama karatasi yake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, nani anafuata?" Jabali akaondoka. Ni dume la Rhodesian Ridgeback, ana sentimita 67 begani na uzito unaozidi kilo 36, kwa hiyo alipoondoka niliondoka naye, tukampita mbwa aliyekuwa bado anakaguliwa, na tulizunguka nusu ya uwanja kabla sijapata pumzi ya kumsimamisha.

Niliporudi nyumbani Njiro nilianza kujisikiliza. Kwa "haya" tunaagana katika simu, tunakubali bei ya ndizi, tunamwachisha mtoto kilio na tunamwambia mgeni kwamba tumesikia. Nilikuwa nimemfundisha mbwa neno ambalo kila Mswahili hulitamka bila kufikiri, kisha nikashangaa kwamba analitii.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona maonyesho haya, kazi ya mwonyeshaji ni ya dakika chache tu. Mbwa wote huzunguka uwanja kinyume cha mwendo wa saa, kila mbwa akiwa kushoto kwa mtu wake ili jaji aliye katikati amwone bila kuzuiwa. Baadaye kila mmoja husimamishwa peke yake, jaji humkagua kwa mikono kuanzia kichwani, kisha humtaka aende na kurudi kwa mstari ulionyooka, na mara nyingine kwa umbo la pembetatu, ili miguu ionekane kwa nyuma, kwa ubavu na kwa mbele. Hakuna kanuni inayokukataza kuzungumza na mbwa wako wakati wote huo, ingawa anayemwita mbwa akiwa nje ya kamba za uwanja anaweza kukuletea matatizo. Swali ni uzungumze nini.

Wengi wetu hapa nchini huwaamuru mbwa kwa Kiingereza, hata katika nyumba ambazo Kiingereza hakisikiki tena baada ya taarifa ya habari. Mlinzi anayezungumza Kimeru na Kiswahili siku nzima humgeukia mbwa na kumwambia "sit", kana kwamba mnyama huyo alisomea ng'ambo. Nami nilianza hivyohivyo. Nilibadilika nilipogundua kwamba Kiswahili kinanipa kitu ambacho amri fupi za Kiingereza hazikunipa, nacho ni silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo ndiyo tunayoikazia na ambayo inaweza kuvutwa kadiri pumzi inavyoruhusu. "Taratiiibu." "Tuliiia." Wakufunzi wa wanyama wamejua kwa muda mrefu kwamba sauti moja ndefu iliyo bapa humpunguza kasi mnyama, na kwamba sauti fupifupi zinazorudiwa humchangamsha. Mchungaji anayewazuia ng'ombe wasiingie barabarani hufanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Kwa ajili ya kukimbia nilihitaji neno fupi, linalorudiwa, na lisilotumika sebuleni. Nililipata katika kumbukumbu za shule ya msingi: mchakamchaka. Yeyote aliyekimbia alfajiri na wenzake anakumbuka kwamba miguu ilifuata sauti ya kiongozi, na kwamba kiongozi akichoka kuimba, mstari mzima ulilegea. Mwendo ambao jaji anataka kuuona ni huohuo, si wa kutembea na si wa mbio, mguu wa mbele ukienda pamoja na mguu wa nyuma wa upande wa pili. Sasa ninamwambia Jabali "mchaka, mchaka, mchaka" kwa sauti ya chini, neno moja kwa kila hatua yangu, naye hushika mwendo huo hadi pembeni ya uwanja. Kuna jirani ambaye hutuona tukifanya mazoezi asubuhi, na kila tunapopita huniuliza, "Mwalimu, shikamoo. Leo amekujibu nini?" Nimekuwa nikimjibu kwamba bado anafikiri.

Sifa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest, wakiongozwa na Attila Andics, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa mbwa 13 waliokuwa wamezoezwa kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya kupata zawadi iliamka zaidi pale maneno ya sifa yalipotamkwa kwa sauti ya sifa. Neno la sifa kwa sauti kavu halikutosha, wala sauti tamu iliyobeba neno lisilo na maana ya sifa. Niliposoma hayo niliona aibu kidogo, kwa sababu uwanjani nilikuwa nikisema "vizuri sana" kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia kumwita mwanafunzi aliyechelewa. Jabali alikuwa na haki ya kutonisadiki.

Hata hivyo, nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo ni kwa faida yangu. Jaji anapokaribia, mwonyeshaji mgeni huzuia pumzi, mkono unakaza kamba, na mbwa anapokea habari hiyo shingoni kabla jaji hajamgusa. Mtu anayezungumza hawezi kuzuia pumzi. Hatari ipo hasa wakati wa ukaguzi wa mikono, jaji anapofunua midomo aone kama meno ya juu yanafunga sawasawa mbele ya yale ya chini, anapopita mgongoni kuutazama ule mstari wa nywele zilizoota kuelekea mbele, ambao ndio alama ya aina hii na ambao unapaswa kuwa na vizingo viwili tu vinavyoelekeana, na anapomalizia kwa madume kuhakikisha kwamba korodani zote mbili zimeshuka. Kurudia "tulia" kwa muda wote huo hakusaidii, kwani neno likirudiwa mara ishirini mbwa huanza kushuku kwamba lipo jambo la kutotulia.

Kwa hiyo nilitafuta maneno marefu, yasiyo na amri ndani yake na ambayo siwezi kuyasahau hata nikiwa na hofu, nikachagua vituo vya basi vya barabara ya kwenda Moshi. Jaji anapoanza na kichwa, ninamwambia Jabali Tengeru. Mkono ukifika begani, Usa River. Maji ya Chai ni ya kifua, Kikatiti ni ya mgongo, na kwa kawaida tukiwa Boma Ng'ombe jaji amekwisha kurudi nyuma na kutuonyesha njia ya kukimbilia.

Katika maonyesho yetu ya pili tulipata nafasi ya tatu kati ya madume watano, na msaidizi wa jaji alisema "haya" mara nyingi bila Jabali kunyanyua hata sikio. Tatizo pekee lilikuwa jaji mwenyewe, mzee mtaratibu aliyeutazama ule mstari wa mgongoni kwa muda mrefu, akauacha, akaurudia, akainama kuvihesabu tena vile vizingo viwili. Tulipita Boma Ng'ombe, tukafika Moshi mjini, naye bado ameinama, ikabidi nigeuze basi pale stendi na kuanza kurudi Arusha.